Mkwe Aliyesoma Majivu

Mume wangu nimemfulia masizi tangu tuoane, kwa hiyo habari za moto msinifundishe. Festo ni sajini wa zimamoto hapa Geita, lakini si wale wa kushika mpira wa maji. Yeye anafika moto ukishazimwa, watu wakishalia wakachoka, anapiga magoti kwenye majivu na kuanza kuchokoachokoa kwa mwiko wa fundi ujenzi. Kazi yake ni kujua moto ulianzia wapi na ulianzishwa na nini. Akirudi nyumbani Kalangalala ananuka kama sufuria lililounguza maharage, na mimi namwambia viatu avulie nje kabla sijamtoa roho. Anavua bila neno. Ni mtu mpole, na upole wake ndio unaonipandisha hasira, maana ukimgombeza anakusikiliza mpaka mwisho halafu anauliza kama chai ipo.

Wateja wangu wa chai huniuliza hiyo ni kazi gani, kwani moto wote si shoti ya umeme? Kwetu huku nyumba ikiungua, moshi haujaisha kila mtu ameshasema shoti. Na kama nyumba haina umeme, basi watasema kuna mkono wa mtu. Sababu ya tatu hawana. Mwaka juzi iliungua gesti moja ya wachimbaji, watu wakashikilia shoti, mwenye gesti akawa anamtukana fundi umeme mbele za watu. Festo alishinda humo ndani. Akakuta masizi yamepanda ukutani kutoka sehemu moja nyembamba chini, yakipanuka kuelekea juu, na pale chini kabisa, uvunguni mwa kitanda, kulikuwa na jiko la mkaa na kikaango kidogo. Mpangaji alikuwa akichomea dhahabu chumbani ili wenzake wa duarani, kule kwenye shimo la dhahabu, wasijue kama amepata. Kesho yake yule fundi umeme alikuja kibandani kwangu, akala chapati mpaka nikamwonea huruma, huku akicheka peke yake.

Festo ni mtoto wa Kagongwa, kwenye mashine za kukoboa mpunga. Baba yake alikuwa mpakiaji wa magunia, na kwao walipikia pumba kwa sababu kuni zilikuwa shida. Mguu wake wa kushoto una kovu. Alipokuwa mdogo alikimbia juu ya lundo la pumba zilizochomwa, jeusi, lililopoa, mtu yeyote angesema limekufa. Mguu ukazama mpaka kifundoni na ndani kulikuwa na moto mwekundu. Nilipomuuliza kama ndiyo sababu ya kwenda zimamoto, alisema alienda zimamoto kwa sababu ndiyo kazi aliyoipata. Ndivyo alivyo. Ukimtaka akupe hadithi anakupa jibu.

Sasa niwaambie ya mama yangu, maana hapo ndipo nilipomjua vizuri mume wangu.

Mama yangu anaitwa Mbuke, na kijijini wanamwita Mama Mariana, kwa jina langu. Ni mjane, anaishi kijijini kwetu, ukishapita Didia. Kwa sisi Wasukuma mkwe wa kiume na mama mkwe hawazoeani. Hawashikani mikono, hawali pamoja, mkwe haingii anakolala mama mkwe, na wakikutana njiani mmoja anapisha pembeni anaangalia kando. Mama yangu ni wa zamani kweli kweli, hili analishika kama amri ya kanisani. Tangu nimeolewa sijamwona akimtazama Festo usoni. Akimtaka jambo ananiambia mimi, hata kama Festo amekaa pale pale na masikio yake mawili.

Mwaka jana, wakati wa kiangazi, ng'ombe wa jirani yake, Masalu, waliingia kwenye choroko za mama wakazimaliza. Mama alikuwa ameshazing'oa, zimelazwa shambani zikauke. Masalu alikataa kwamba ni ng'ombe wake. Wakagombana bombani, mbele ya wanawake wote na ndoo zao, na mama yangu, ambaye mdomo wangu huu nimeurithi kwake, akasema, "Zangu zimeliwa na ng'ombe, na zako ziliwe na moto." Akajitwika ndoo akaenda zake.

Siku ya mnada, watu wote wameenda kuuza mbuzi, ghala la Masalu likaungua mchana kweupe. Choroko zote ndani, michembe ya viazi, viroba, bati za juu zikaanguka. Aliyeonekana karibu na pale asubuhi ni mmoja tu, mama yangu, akimtafuta mbuzi wake aliyekata kamba.

Basi. Hata nisipoendelea mnajua walichosema. Wengine walisema amemwaga petroli dirishani. Wengine walisema petroli ya nini, mwanamke aliyetamka mwenyewe, mdomo wake unatosha. Sungusungu, walinzi wa kijiji, wakaitisha mkutano wa Jumamosi ya wiki iliyofuata. Mkutano ukishasema ni wewe, unatengwa. Kutengwa kwetu si mchezo. Hakuna anayekusalimia, hakuna anayekuuzia chumvi, hakuna anayekusogezea hata kijinga cha moto, na ukifiwa unachimba kaburi peke yako. Mama yangu ana miaka sabini na kitu. Na hata kabla ya huo mkutano, akifika bombani wanawake walikuwa wanasogea nyuma na ndoo zao kumpisha, kimya.

Shangazi ndiye aliyenipigia simu. Nilifunga kibanda unga ukiwa kwenye beseni, nikaenda nyumbani nikamkuta Festo anasugua buti. Nikamweleza yote kwa mkupuo. Kisha akasema, "Mama Nelly, mimi ni mkwe. Nikienda pale nikasema hana kosa, nani ataniamini?"

Nilikuwa na hasira hata machozi yakakataa kutoka. Nikamwambia, "Sawa. Kaa hapa usugue buti lako. Mimi naenda nikatengwe naye."

Aliweka buti chini, akaenda kuomba ruhusa kazini. Tulisafiri kesho yake, na njiani nilimsema mpaka Shinyanga.

Tulipofika hakwenda kwa mama. Alikwenda kwanza kwa kamanda wa sungusungu, mzee Luka, akamwamkia, akajieleza yeye ni nani na amemwoa nani. Halafu wakaenda wote wawili kwa Masalu, na mimi nyuma yao. Masalu alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya ghala lake lililoungua. Hakuitikia shikamoo yangu.

"Umekuja kumsafisha mama mkwe wako," alimwambia Festo.

"Inawezekana nikamkuta na kosa," Festo alisema. "Nikimkuta nalo nitalisema hapa hapa, na mke wangu anasikia. Ila sitagusa kitu kwa mkono wangu. Nyie wenyewe mtachimba. Mimi nitauliza tu."

Niligeuka nikamwangalia huyo mume wangu. Kama kungekuwa na kitu cha kurusha karibu ningemrushia.

Lilikuwa ghala la tofali mbichi, halijawahi kuona waya wa umeme. Masalu alitupeleka moja kwa moja kwenye dirisha linalotazama nyumba ya mama. Hapa, akasema, petroli imemwagwa hapa. Festo akamwomba aangalie fremu vizuri. Mbao ya juu ilikuwa imekwisha kabisa, mkaa mtupu. Mbao ya chini ilikuwa na rangi yake bado. Ukuta ulio chini ya dirisha ulikuwa safi, na utando wa buibui umebaki kwenye ufa.

"Petroli ikimwagwa dirishani inatiririka wapi?" Festo aliuliza.

Mzee Luka ndiye aliyesema, "Chini."

"Na hapa chini hakujaungua."

Wakaondoa bati na mbao zilizoanguka, wakazunguka kuta zote taratibu. Kwingine kote moto ulikuwa umeunguza juu na kuacha chini. Kwenye kona ya mbali, upande usioonekana kutoka kwa mama, ukuta ulikuwa umeungua mpaka sakafuni. Tofali mbichi zilikuwa zimeiva zikawa nyekundu, na sakafu ya udongo mahali pale ilikuwa imekauka ikawa ngumu, ukiigonga inalia. Festo akasema moto ulikaa hapo muda mrefu kuliko mahali pengine popote, kwa hiyo kesho wataanza kuchimba hapo. Akaomba mtu asifagie. Mzee Luka akaweka vijana wake kulinda.

Jioni akataka kumhoji mama. Hapo sasa. Mama alikuwa jikoni, ndani, amekaa nyuma ya ukuta. Festo alikaa nje kwenye gogo, amempa mgongo, anatazama zizi. Mimi nilisimama mlangoni katikati yao.

"Mama Nelly, naomba umuulize mama, siku ile alipopita aliona nini."

"Mama, anauliza uliona nini."

"Mwambie mkwe sikuona kitu. Nilikuwa natafuta mbuzi."

"Anasema hakuona kitu."

"Muulize kama alisikia harufu yoyote."

Walikuwa wanasikiana vizuri kabisa, hata nzi alikuwa anawasikia. Uvumilivu ukanishinda nikasema, "Jamani, si mzungumze tu, watu wanataka kututenga hapa." Mama akanikaripia kwa Kisukuma, akaniuliza kama Geita nimesahau adabu. Nikarudi kazini kwangu mlangoni.

Kisha mama akasema, "Mwambie haikuwa harufu ya mafuta. Ilikuwa harufu ya tanuri la matofali. Nilianza kuisikia tangu jana yake. Ningemwambia Mageni, lakini tulikuwa hatusemeshani."

Mageni ni mke wa Masalu. Kabla sijafungua mdomo kurudia, Festo alikuwa ameshasimama. Akaenda mpaka mwisho wa ua, akasimama huko muda mrefu, na kuku aliyechinjiwa akapoa.

Asubuhi walichimba ile kona, Masalu mwenyewe na jembe la mkono, mzee Luka anazoa. Walitoa tabaka la bati, la choroko zilizoungua, la magunia yaliyogeuka masizi. Chini kabisa wakakuta jivu lisilofanana na mengine, jeusi na jeupe limechanganyika. Festo akamwomba mzee Luka alitie kiganjani alitazame. Lilikuwa na vijiganda vidogo vidogo, vina umbo lake bado.

"Hizi ni pumba za mpunga," mzee Luka alisema.

"Ghala lilikuwa na mpunga?"

"Halikuwa na mpunga," Masalu alisema. "Choroko na michembe tu." Kisha akageuka polepole akamtazama mke wake.

Mageni alikuwa amesimama na karai mkononi. Ni mwanamke mchapakazi, ananizidi miaka michache tu, tumecheza wote rede. Akasema, "Hilo ni jivu la kuhifadhia choroko. Kila mtu anaweka jivu kwenye choroko, wadudu wasiingie. Kosa liko wapi?"

Ni kweli, wote tunaweka. Bibi zetu waliweka.

Festo akamuuliza, kwa sauti ile ile anayoulizia chai, "Jivu la jikoni, mama?"

"La jikoni halikutosha, magunia yalikuwa mengi. Nilichukua tanurini kwa Athanas, kule liko la kumwaga. Na lilikuwa limepoa. Nilizoa kwa mikono yangu hii." Akaweka karai chini akanyoosha viganja vyote viwili, mbele kwa mumewe, halafu kwa mzee Luka. Havikuwa na hata lengelenge. "Nililijaza kwenye gunia la katani nikaliegemeza pale konani. Nilisema nitalipaka choroko tukishatoka mnadani."

Watu waliokuwa wamekusanyika wakaguna. Jivu lililopoa limepoa, walisema, huyu mkwe anatafuta pa kutokea. Hata mimi, Mungu anisamehe, nilifikiri hivyo hivyo.

Festo akasema twende kwa Athanas.

Siku hizi kuni hamna, kwa hiyo wachoma matofali wa kwetu wanaleta pumba kwa lori. Tanuri la Athanas lilikuwa limechomwa kabla hata ya siku ya ule moto, matofali yameshaanza kupakiwa, na majivu yamelundikwa pembeni. Festo akamwomba mzee Luka aweke mkono juu ya lundo. Akaweka. Akasema ni baridi kama udongo. Akamwomba Masalu. Masalu naye akasema baridi.

Kisha akampa Masalu mti mrefu, akamwambia atoboe mpaka katikati na afukue. Masalu akafukua. Jivu likaporomoka, na mle ndani tukaona wekundu. Haukuwa na mwali, haukuwa na moshi wa maana, ulikuwa umekaa tu. Festo akachukua kipande cha gunia kuukuu, akakitupia hapo mlangoni mwa shimo, akasema tusubiri. Tulisubiri. Watoto wakaanza kuchoka. Lile gunia likabadilika rangi, likatoa uzi mwembamba wa moshi, ikaja ile harufu ya tanuri aliyoitaja mama, halafu likawaka.

Watoto waliokuwa wamechoka wakasogea kuchungulia.

"Jivu la kuni jikoni linakufa usiku mmoja," Festo alisema. "Hili linaungua ndani kwa ndani, polepole, siku nyingi. Ukilizoa ukalipeleka kwenye gunia, juu limepoa na katikati umebeba makaa bila kujua. Na ukilivuruga linapata hewa." Akamgeukia Masalu. "Nikwambie ukweli, mzee. Mimi nimezaliwa kwenye pumba, na jivu lake lilinidanganya mimi pia. Mama yangu mzazi angeweza kufanya hivi hivi. Usimguse mkeo."

Masalu alikaa chini pale pale kwenye matofali ya watu. Mageni akaanza kulia, na mimi nikaanza kulia, na sijui nani alimshika mwenzake kwanza.

Jumamosi mkutano ulikaa kwenye uwanja wa ghala la pamba. Festo alikataa kusema hata neno moja. Mzee Luka ndiye aliyeeleza yote, dirisha, kona, jivu, na mkono alioweka yeye mwenyewe. Nilidhani yameisha. Lakini wapi, akasimama bwana mmoja nyuma, simtaji, akasema, "Tumeelewa moto ni wa tanuri. Lakini nani aliyeutuma uende kwa Masalu? Mbona jivu la watu wengine haliwaki? Na maneno ya bombani tuliyasikia."

Watu wakaanza kutikisa vichwa. Nilimwona mama amekaa kwenye kigoda upande wa wanawake, ameinama, na pembeni yake kumeachwa nafasi ya watu watatu. Nilijua sasa tumekwisha, maana hakuna jivu la kuchimbua kumjibu mtu wa namna hiyo.

Mageni akasimama. Mwanamke huyo hajawahi kusema mkutanoni. Akasema, "Hakuna aliyenituma. Nilitumwa na wadudu wa choroko. Kama mnataka kutenga mtu, watengeni hao."

Kicheko kilianzia kwa wanawake kikaenda mpaka kwa wazee, na yule bwana akakaa. Masalu akasimama, akavua kofia. "Mali iliyoungua ni yangu," akasema. "Mimi nimemaliza. Mama Mariana hana kosa kwangu. Na ng'ombe walioingia kwake ni wangu, nitafidia." Mzee Luka akafunga mkutano. Ile nafasi pembeni ya mama ikajaa, wanawake wanamsalimia, wanamshika bega, mmoja akamchukulia kigoda chake ambebee. Nilihema mpaka mbavu zikauma.

Nyumbani nilikuwa na furaha ya kupiga kelele. Niliwasema wote mmoja mmoja, waliosogeza ndoo, waliosema petroli, yule bwana wa nyuma nikamkumbusha na ukoo wake. Mama alikuwa amekaa jikoni, haitikii. Nilifikiri amechoka. Festo alikuwa kwenye gogo lake nje, amempa mgongo.

"Mariana," mama aliniita. "Muulize mkwe. Ule moto ungewaka hata kama mimi nisingesema yale maneno?"

Nilisimama na mwiko mkononi. Sikuwa nimewaza. Siku zote zile nilihangaika na midomo ya kijiji, sikuwaza kwamba mama yangu alikuwa amekaa gizani jikoni akiuogopa mdomo wake mwenyewe.

Nikageukia mlangoni. Nikasema, "Baba Nelly, mama anauliza..."

"Mwambie ungewaka," Festo alisema. Alikuwa bado anatazama zizi. "Nilimuuliza Mageni siku aliyoliingiza lile jivu. Ni Jumapili, baada ya ibada. Bombani waligombana Jumanne. Moto ulikuwa umeshaingia ghalani siku mbili kabla mama hajafungua mdomo."

Sikurudia. Mama alikuwa amesikia. Alijifunika uso kwa kanga, mabega yakawa yanatikisika, na mimi nikakaa naye chini pale kwenye majivu ya jikoni nikamshikilia. "Nilikuwa nimeanza kujiogopa, mwanangu," alisema. "Nilikuwa naogopa hata kumwita mbuzi kwa hasira." Kisha akapangusa uso, akasema mkwe apelekewe chakula, na yeye akala. Shangazi alisema alikuwa hajala hivyo tangu siku ya mnada.

Alilala mapema, jua halijazama sawasawa. Nilimfunika, nikabeba maji ya kunawa nikampelekea mume wangu nje. Alinawa, akauliza kama chai ipo, na safari hii hasira haikunipanda.